Kunasa na Kuhariri Sauti kwa Kompyuta: Niliyojifunza Baada ya Kuharibu

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu na nimekuwa mwanachama wa Chama cha Kiswahili tangu siku zile nilipokuwa kidato cha kwanza na sare yangu ikinipwaya. Mwaka huu mhariri ameniomba niandike somo kuhusu kunasa sauti na kuihariri kwa kompyuta, eti kwa sababu mimi ndiye fundi wa chama. Cheo hicho nimekipokea. Lakini kabla sijaanza ni lazima niungame kwamba ufundi wenyewe niliupata kwa kuharibu. Nitawaeleza nilivyoharibu, kisha nieleze njia tunayoitumia sasa, maana wengi wenu mtatumwa nyanjani likizo ya Agosti kama nilivyotumwa mimi.

Mnajua kwamba katika fasihi simulizi tunafundishwa mbinu za kukusanya kazi za wazee wetu: kusikiliza, kushiriki, mahojiano, hojaji, na kurekodi kwa kinasa sauti. Kitabuni mbinu hii ya mwisho imepewa mistari michache tu. Inasemwa kwamba kinasa sauti huhifadhi toni na kiimbo cha fanani, na kwamba hasara yake ni kutoonyesha ishara za uso na mwili. Basi. Hakuna mahali panapokwambia ushike simu vipi, wala ufanye nini na dakika 47 za mzee anayesimulia huku mbuzi wanalia na bajaji inapita.

Dakika hizo 47 zilikuwa za babu yangu, ambaye kwetu tunamwita awowe. Yeye anaishi Balambala, karibu na mto Tana, lakini mwaka juzi mwezi wa Agosti alikuja Garissa mjini kutibiwa macho, akakaa kwetu Bulla Iftin wiki tatu. Nilikuwa kidato cha kwanza na chama kilikuwa kimetutuma kukusanya hadithi na nyimbo. Nikasema, bahati iliyoje! Wenzangu watahangaika kutafuta wazee, mimi mzee yuko uani kwetu chini ya mwarobaini, anakunywa chai. Nikaazima simu ya binamu yangu, kwani ndiyo iliyokuwa na nafasi, nikaiweka juu ya stuli, nikabonyeza, na awowe akaanza. Alisimulia mafuriko ya mwaka wa 1961, wakati mto Tana ulipovunja kingo na yeye akiwa mtoto akabebwa mgongoni. Kisha akaimba hodiya za kunywesha ngamia kisimani, zile ambazo mtu wa chini anapompa wa juu ndoo wimbo ndio unaopima mikono yao.

Ayeyo, yaani nyanya yangu, alikuwa amekaa pembeni anachambua mchele. Wasiojua desturi yetu ya Kisomali niwaeleze: msimulizi haachwi aseme peke yake kama redio. Lazima mtu amwitikie. Kila baada ya sentensi moja au mbili ayeyo alisema "haye", na awowe akaendelea. Akichelewa kuitika, awowe alinyamaza akamngoja. Nilikuwa nimezoea jambo hilo tangu utotoni, hata sikulisikia tena.

Shule zilipofunguliwa nilihamisha faili kutoka kwenye simu hadi kwenye flashi ya chama, nikamwambia binamu anaweza kufuta ya kwake kwa kuwa alihitaji nafasi. Alifuta. Nikaingia maabara ya kompyuta, nikafungua programu ya Audacity, na kwa alasiri tatu nikafanya kazi niliyoiona ya maana sana. Nilikata kikohozi. Nilikata mbuzi. Nilikata kila mahali awowe aliponyamaza, maana nilidhani kimya ni uchafu. Na nilikata "haye" zote, moja baada ya nyingine, kwa kuwa niliziona zinamkatiza mzee. Upepo ulikuwa unavuma ndani ya sauti, kwa hiyo nikatumia ile amri ya kupunguza kelele. Haikutosha, nikaitumia tena kwa nguvu zaidi. Nilipomaliza, dakika 47 zilikuwa zimebaki 19. Nikahifadhi kwa jina lile lile la mwanzo. Kompyuta iliniuliza kama nataka faili mpya ichukue nafasi ya ile iliyopo. Nilibonyeza ndiyo bila hata kusoma vizuri. Nilipofunga programu ikaniuliza kama nataka kuhifadhi mradi. Nikabonyeza hapana, kwani si nimeshahifadhi?

Siku ya mkutano tulisikiliza. Awowe alisikika kama mtu anayezungumza akiwa ndani ya pipa la bati lililozama majini. Alikuwa hapumui. Sentensi zilifuatana mbio mbio kama matangazo ya matatu. Mwalimu mlezi wetu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu: "Hadhira yake ilikuwa nani?" Nikajibu kwamba ni ayeyo. Akasema, "Mbona simsikii?"

Ayeyo alifariki mwezi wa Desemba mwaka huo huo, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa hapendi simu, na hakuna mtu nyumbani aliyewahi kumrekodi mahali pengine. Sauti yake ilikuwa katika faili moja, na mimi niliitoa nikidhani ni kelele.

Sasa tuingie kwenye somo.

Kwanza ni vizuri kujua kompyuta inafanya nini inaposema imenasa sauti. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Maiki hupokea mtikisiko huo na kuugeuza kuwa umeme unaopanda na kushuka. Zamani umeme huo ulichorwa kwenye kanda ya sumaku jinsi ulivyo. Kompyuta haiwezi kuchora, inajua tarakimu tu. Kwa hiyo inaupima umeme huo mara nyingi sana kwa kila sekunde na kuandika kila kipimo kama namba. Kipimo cha kawaida, kile kilichokuja na diski za CD mwaka wa 1982, ni mara 44,100 kwa sekunde. Namba hiyo ilitoka wapi? Sikio la binadamu husikia mitikisiko ya hadi kama 20,000 kwa sekunde, na wataalamu walionyesha kwamba ili kuinasa sauti vizuri lazima uipime zaidi ya mara mbili ya mitikisiko yake. Kwa hivyo 44,100 inatosha na kubaki kidogo.

Kila kipimo huandikwa kwa biti 16, yaani baiti 2. Wapenzi wa hesabu fanyeni nami: 44,100 mara 2 ni baiti 88,200 kwa sekunde, mara 60 ni baiti 5,292,000 kwa dakika. Dakika 47 za awowe zingekuwa kama megabaiti 249, na hiyo ni kwa mkondo mmoja wa sauti. Ukinasa kwa mikondo miwili, kushoto na kulia, unazidisha mara mbili bila faida yoyote, kwa kuwa mzee ana mdomo mmoja. Chagua mkondo mmoja.

Faili ya namna hiyo, yenye namba zote bila kupunguzwa, huitwa WAV. Faili ya MP3 ni tofauti. Yenyewe hutupa sehemu za sauti ambazo sikio haliwezi kuzitambua kwa urahisi, ili faili iwe ndogo. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde huchukua baiti 960,000 kwa dakika, kwa hiyo dakika 47 zinakuwa kama megabaiti 45. Ni nzuri kwa kumtumia mtu. Lakini kilichotupwa hakirudi, na kila ukifungua MP3, ukaihariri, ukahifadhi MP3 tena, kinatupwa kingine. Ni kama kutoa nakala ya nakala ya karatasi ya mtihani, mwishowe huoni maswali. Nasa na uhariri kwa WAV, kisha mwisho kabisa ndipo utoe MP3 ya kugawa. Kuna programu ya kunasa kwa simu inayokuruhusu kuchagua WAV. Itafute kabla ya kwenda kwa mzee, si mbele yake. Na mkumbuke kwamba simu nyingine huhifadhi kwa namna iitwayo M4A, na kwenye kompyuta za Windows Audacity haifungui M4A mpaka iongezewe kisaidizi kinachoitwa FFmpeg. Mwenzangu mmoja alifika maabara na faili nne za M4A, kompyuta zikamkatalia zote, na intaneti ilikuwa haipo. Alirudi nyumbani amenuna.

Sasa nizungumzie haraka, kwa sababu wengi hunijia wakitaka kufundishwa jinsi ya kuhariri upesi. Nimegundua kwamba kazi nyingi ya kuhariri hufanywa kabla ya kompyuta kuwashwa. Zile alasiri tatu nilizopoteza mara ya kwanza, zaidi ya nusu nilikuwa napigana na upepo ambao ningeukwepa kwa kuhamisha stuli tu.

Mji wetu una kelele zake. Mchana kuna bajaji, mikokoteni ya punda inayouza maji, na jenereta za maduka stima inapopotea. Ndani ya nyumba kuna pangaboi, na kwa joto la Garissa hakuna mzee atakayekubali ulizime kwa saa nzima. Wakati mzuri niliouona mimi ni baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijapanda na punda hawajaanza safari. Ukikosa huo, ingia chumba chenye mikeka, magodoro na nguo nyingi. Vitu laini hunywa sauti, ilhali kuta tupu na mabati huirudisha kama mwangwi. Mwangwi hakuna programu itakayokuondolea vizuri, msidanganywe.

Simu iwe karibu na mdomo wa fanani, kama shibiri moja au mbili, lakini ikae pembeni kidogo, isikabili mdomo moja kwa moja, maana herufi kama P na B hutoa pumzi inayogonga maiki. Mimi huifunika sehemu ya maiki kwa soksi safi ya pamba. Wenzangu hucheka, lakini upepo hupungua sana. Iwekwe juu ya kitambaa, si juu ya meza tupu, la sivyo kila kikombe kikiwekwa chini utasikia radi. Iwe katika hali ya ndege ili isiite katikati ya hadithi. Halafu, kabla fanani hajaanza, omba kila mtu anyamaze sekunde 10 na uziache zinaswe. Hizo sekunde 10 za kimya cha chumba ni dawa, nitaeleza baadaye.

Jambo la mwisho kabla ya kuanza ni kiwango cha sauti. Programu huonyesha mstari unaopanda na kushuka, na kilele chake ni sifuri. Sauti ikigonga sifuri, kompyuta imeishiwa namba za kuandikia. Vilele vya mawimbi hukatwa na sauti hukwaruza, na mkwaruzo huo hautoki kamwe. Afadhali sauti iwe ndogo kidogo, kwani ndogo inaweza kukuzwa. Mfanye fanani aimbe kipande cha wimbo kwanza, kwa kuwa mtu akiimba sauti yake hupanda kuliko anapozungumza, kisha rekebisha ili vilele vyake vifike karibu na desibeli 6 hadi 12 chini ya sifuri. Hapa ndipo wengi hukosea. Humpima mzee akisema jina lake kwa upole, kumbe wimbo ukija kila kitu kinapasuka.

Kuhusu programu yenyewe, sisi tunatumia Audacity kwa sababu haiuzwi na inafanya kazi hata kwenye kompyuta za zamani kama zetu. Ilianzishwa mwaka wa 1999 na Dominic Mazzoni na mwalimu wake Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani, ikatolewa kwa watu wote mwaka wa 2000. Zipo programu nyingine, lakini ukijua moja vizuri nyingine hazitakupiga chenga.

Anayeanza hutumia kipanya kwa kila kitu: aende juu kwenye menyu, atafute, abonyeze, arudi chini. Hebu hesabu mwendo huo mara 300. Vidole vikijua vitufe, kazi hupungua nusu. Kile kitufe kirefu cha chini huchezesha na kusimamisha. Herufi R huanza kunasa na P husitisha kwa muda. Ctrl na namba 1 hukusogeza karibu na mawimbi, Ctrl na namba 3 hukurudisha mbali. Ctrl na I hupasua sauti mahali ulipo bila kufuta chochote, na Ctrl na K hufuta sehemu uliyoichagua. Ctrl na Z hutengua ulichofanya mwisho, na hapo unaweza kurudi nyuma hatua nyingi, lakini ukishafunga mradi hatua hizo zote zimekwenda. Niamini.

Kuna viwili zaidi ambavyo natamani ningevijua mapema. Cha kwanza ni herufi Z peke yake. Ukikata wimbi likiwa juu na kuliunganisha na wimbi lililo chini, utasikia "tap" kama kiberiti kinavunjika. Ukichagua sehemu kisha ukabonyeza Z, programu husogeza kingo za uchaguzi wako hadi mahali ambapo wimbi linapita kwenye sifuri, na kiungo hakisikiki. Cha pili ni Ctrl na M, ambacho huweka alama mahali sauti ilipofika wakati inacheza, kisha unaandika neno. Ctrl na B hufanya vivyo hivyo kwa sehemu uliyoichagua.

Alama hizi ndizo zilizonibadilisha. Siku hizi nikipata faili mpya sigusi kitu mara ya kwanza. Nasikiliza yote kutoka mwanzo hadi mwisho, mkono mmoja kwenye Ctrl na M, naandika tu: "mafuriko", "wimbo 1", "mbuzi", "anasahau jina", "wimbo 2 safi". Baada ya hapo nina ramani. Nikitaka wimbo wa pili naurukia moja kwa moja, na maamuzi ya kukata nayafanya nikiwa nimeshajua hadithi inakwenda wapi. Mwanzoni nilikuwa nakata huku nasikia kwa mara ya kwanza, sawa na mtu anayesahihisha insha akiwa amesoma aya moja tu. Sasa saa moja ya sauti hunichukua kama saa mbili za kazi, na vidole haviumi.

Ile amri ya kupunguza kelele hufanya kazi hivi. Unachagua zile sekunde 10 za kimya cha chumba, unaiambia programu "hii ndiyo kelele yenyewe, ijue", halafu unachagua sauti yote na kuiamuru ipunguze kelele ya aina hiyo. Inafaa kwa kelele isiyobadilika kama mngurumo wa pangaboi au wa friji. Haifai kwa mbuzi, bajaji wala upepo wa kubadilika badilika, kwani hizo si aina moja. Nguvu yake hupimwa kwa desibeli. Mimi nilipandisha hadi 30, tena mara mbili, na ndiyo sababu awowe aliingia kwenye pipa. Kwa kawaida 6 au 9 zinatosha. Kelele kidogo ikibaki haidhuru. Sikio la msikilizaji huizoea baada ya dakika moja, lakini sauti ya mtu ikishaliwa haizoeleki.

Watu wa zamani hawakuwa na starehe hii. Siti binti Saad alipotoka Unguja mwaka wa 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri, kilichoimbwa kilichongwa papo hapo kwenye nta. Ukikosea hukati, unaimba upya wimbo mzima. Baadaye zikaja kanda za sumaku, na mafundi wa redio wakawa wanahariri kwa wembe halisi. Fundi husogeza kanda kwa mkono, huipigia alama kwa penseli, huikata, kisha huiunganisha kwa utepe wa gundi. Aliyeshika wembe alifikiri mara mbili. Sisi wembe wetu hauna makali wala bei, ndiyo maana tunakata ovyo.

Wasomaji wenye asili ya Kisomali wataelewa jambo hili zaidi nikiwakumbusha Hargeisa. Mji ule uliposhambuliwa kwa mabomu na serikali ya Siad Barre mwaka wa 1988, wafanyakazi wa redio na wapenda muziki walizificha kanda zao, nyingine zikazikwa ardhini ili zisiangamie. Leo Kituo cha Utamaduni cha Hargeisa kina maelfu ya kanda, za nyimbo, mashairi na michezo ya kuigiza, na zimekuwa zikigeuzwa kuwa faili za kompyuta. Watu walichimba mashimo kuokoa sauti wakati nyumba zao zinaanguka. Mimi niliangamiza yangu kwenye kiti cha plastiki, kwa kubonyeza ndiyo.

Kwa hiyo chama chetu sasa kina utaratibu, na huu nauandika waziwazi ili wanachama wapya wasiseme hawakuambiwa. Faili iliyotoka nyanjani huitwa asilia. Inapewa jina lenye tarehe, mahali na aina ya kazi, na neno ASILIA mwishoni. Siku hiyo hiyo inanakiliwa mahali pengine pawili: kompyuta ya maabara na flashi ya pili inayokaa kwa mwalimu mlezi. Simu haifutwi mpaka nakala zote mbili zimesikilizwa mwanzo, katikati na mwisho. Faili asilia haihaririwi na mtu yeyote, hata mimi fundi.

Anayehariri hufungua asilia ndani ya Audacity, kisha kabla ya kukata chochote anahifadhi mradi kwa jina jipya kwa Ctrl na S. Hapa pana tofauti inayowachanganya wengi. Mradi, ambao tangu mwaka wa 2021 huwa faili moja yenye herufi aup3 mwishoni, ni chumba chako cha kazi, wenye mikondo na alama zako zote. Faili ya WAV au MP3 unayoitoa mwishoni ni mkate ulioiva. Ukitaka kurekebisha lazima urudi kwenye unga, na unga ni mradi. Mtu aliyetoa MP3 akatupa mradi hana unga. Na kwa vile stima yetu haina adabu, zoeza mkono kubonyeza Ctrl na S kila baada ya dakika chache. Kweli, kompyuta ikizimika ghafla Audacity hujaribu kukurudishia kazi ukiiwasha, na imeniokoa mara mbili, lakini sitaki kuijaribu mara ya tatu.

Limebaki swali ambalo vitufe havijibu, yaani ukate nini. Kwa tangazo au igizo la shule, kata upendavyo, ni kazi yako. Kwa fasihi simulizi mimi nimekuwa bahili. Walimu wetu wametufundisha kwamba kazi simulizi haiko katika maneno peke yake, iko katika utendaji, na hadhira ni sehemu ya utendaji huo. Fanani anayenyamaza anafanya kitu. Anayesahau jina la kisima halafu akalikumbuka anatuonyesha jinsi kumbukumbu inavyofanya kazi. Anayeitikia anamsukuma. Nikishaondoa hayo nimebaki na nini? Insha. Kwa hiyo nakata tu pale mtu alipoingia kuuliza ufunguo wa choo, simu ilipoita, au fanani mwenyewe aliposema "hilo liondoe". La mwisho ni la lazima. Mzee akiomba neno liondolewe kwenye nakala ya kusikilizwa darasani, linaondolewa bila mjadala. Na kabla ya yote aulizwe kama anakubali kunaswa, sauti ni yake.

Kuna wanachama wanaopinga. Wanasema wanafunzi hawatasikiliza dakika 50 zenye vikohozi. Wana haki kidogo. Kwa hiyo tunatoa nakala mbili: ndefu ya kuhifadhi na fupi ya mkutano, na kwa kuwa alama ziko tayari, hiyo fupi haichukui hata nusu saa.

Aprili mwaka jana nilikwenda Balambala. Nilimwambia awowe ukweli wote, kwamba niliharibu, na kwamba sauti ya ayeyo ilipotea ndani yake. Alinisikiliza kimya, akauliza kama mashine imerekebishwa sasa. Nikamwambia aliyehitaji kurekebishwa hakuwa mashine. Akacheka, akakubali kusimulia upya. Tulikaa ndani baada ya alfajiri, soksi kwenye simu, sekunde 10 za kimya.

Hadithi haikuwa ile ile. Mafuriko ya 1961 yalikuja, lakini safari hii aliyembeba mgongoni alikuwa dada yake, si mjomba, na hodiya moja hakuiimba kabisa. Mwalimu anasema hiyo ndiyo sifa ya fasihi simulizi, haisimuliwi mara mbili kwa namna moja. Sawa, lakini maana yake pia ni kwamba ile ya kwanza haipo tena duniani.

Nilijaribu kuitika mimi mwenyewe. Mara nyingi nilifaulu. Ila dakika ya 12 nilikuwa natazama kiwango cha sauti kwenye simu, nikasahau. Awowe alimaliza sentensi akangoja. Mnaweza kumsikia akingoja: sekunde 4, jogoo analia mbali, kisha anashusha pumzi na kuendelea mwenyewe. Nilipofika hapo maabara niliweka alama, sikukata.

Faili iko kwenye kompyuta ya tatu kutoka mlangoni, ndani ya folda ya chama, nakala ndefu na nakala fupi. Anayetaka kusikiliza aje Alhamisi baada ya masomo, na aje na vipokea sauti vyake mwenyewe, kwa sababu vya chama vimebaki na upande mmoja.